Mzee akichanganyikiwa ghafla, tusiseme ni uzee

Ndugu Mhariri,

Kila mara kwenye makundi ya WhatsApp, redioni na hata magazetini husambazwa picha ya mzee aliyepotea: mara ya mwisho alionekana amevaa shati la kaki na makubazi, ana tatizo la kumbukumbu, atakayemwona apige namba hii. Wengine hupatikana jioni hiyohiyo, wengine huokotwa shambani wakiwa wameanguka. Tunaomba nafasi tuzungumzie swali moja ambalo matangazo hayo hayaliulizi: tatizo lilianza lini? Kama lilianza miaka mitatu iliyopita, hilo ni jambo moja. Kama lilianza juzi, ni jambo jingine kabisa, na mzee huyo anahitaji daktari usiku huohuo.

Dimenshia, ugonjwa wa kusahau, huja polepole kwa miezi na miaka. Ipo hali nyingine ambayo madaktari huiita deliriamu, na Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: kuweweseka. Hii huanza ndani ya saa au siku chache na hupanda na kushuka siku hiyohiyo. Asubuhi bibi anakutambua, magharibi anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Alama yake kuu ni kwamba mgonjwa hawezi kuikaza akili kwenye jambo moja. Na karibu kila mara nyuma yake kuna ugonjwa wa mwili: nimonia, malaria, maambukizi kwenye damu, sukari iliyoshuka, mkojo uliofunga, upungufu wa maji, au dawa isiyofaa. Ubongo ndio unaopiga kelele, lakini moto unawaka chumba kingine.

Msomaji ana haki ya kuuliza nimonia ya kifuani inafikaje kichwani. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba ubongo umejitenga na kinga ya mwili. Mwaka 1948 Peter Medawar wa Uingereza alionyesha kwamba ngozi ngeni ikipandikizwa ndani ya ubongo wa sungura huvumiliwa kuliko ikipandikizwa kwingine mwilini, na kuanzia hapo ubongo ukachukuliwa kama nyumba yenye lango lililofungwa. Lango hilo halikuwa limefungwa kama tulivyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa University of Virginia na wenzao wa Helsinki, kila kundi kwa upande wake, walionyesha kwamba kwenye utando unaofunika ubongo wa panya kuna mishipa ya limfu inayopeleka maji na seli za kinga hadi kwenye tezi za shingoni. Na ndani ya ubongo wenyewe wapo walinzi wa kudumu, seli zinazoitwa mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza tangu 1919. Zinazoa mabaki ya seli zilizokufa, zinapunguza viungio vya neva visivyohitajika, na zinanusa hatari saa zote.

Bakteria wakiingia mapafuni, seli za kinga za huko hutoa kemikali za kuitana ziitwazo saitokaini. Habari hufika ubongoni kwa njia zaidi ya moja: kupitia neva ya vagasi itokayo kifuani na tumboni, kupitia sehemu chache ambako ukuta kati ya damu na ubongo ni mwembamba, na kupitia kuta za mishipa ya damu zenyewe. Mikroglia hupokea habari hiyo na kuanza nazo kutoa saitokaini. Kwa kijana, matokeo yake ni yale tunayoyajua sote ukiwa na mafua makali: usingizi, kukosa hamu ya kula, kutotaka maneno ya watu. Huo ni mpango wa mwili wa kubana nguvu zitumike vitani, na ukipona unaisha.

Kwa mzee mambo hubadilika pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kwanza ni kinga ya mwili mzima. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiko seli T, askari wa kinga ya mwili, zinakofundwa kumjua adui na kumwacha mwenyeji. Tezi hiyo huanza kusinyaa tangu ujana, na uzeeni imebaki zaidi mafuta. Askari wapya wanaotoka ni wachache. Papo hapo kunakuwa na moto mdogo wa kinga unaofuka mwilini bila kuzimika, hali ambayo Claudio Franceschi wa Italia na wenzake waliipa jina mwaka 2000 kwa kuunganisha maneno mawili, inflamesheni na kuzeeka. Upande wa pili ni mikroglia. Katika ubongo ulioanza kuharibika, hata kama familia haijaona dalili yoyote, mikroglia huwa zimeshashtuka na ziko tayari kupiga. Watafiti wa Southampton, na baadaye Dublin, waliwachukua panya wenye ugonjwa wa ubongo ulioanza na kuwapa kipande cha ganda la bakteria, bila bakteria hai. Panya wazima waliugua kidogo wakarudi sawa. Wale wenye ubongo mgonjwa walilipuka: kemikali za kinga ubongoni zilipanda kupita kiasi na seli za neva zikafa.

Ndiyo maana mzee wa miaka 82 mwenye nimonia anaweza asikohoe sana, asilalamike kifua, na asipate hata homa. Kati ya wazee wenye maambukizi makali, wapatao robo hawana homa au wana joto la kupanda kidogo tu, kwa sababu joto lao la kawaida liko chini na uwezo wa mwili kulipandisha umepungua. Kengele ya kwanza kulia kwake ni akili. Tunasisitiza hili kwa sababu ndipo tunapowapoteza wengi: familia inasubiri homa, na homa haiji.

Kuna aina mbili kuu za kuweweseka. Ya kwanza kila mtu anaiona: mzee anavua nguo, anataka kutoka usiku wa manane, anazungumza na marehemu mumewe, anaokota vitu hewani. Ya pili ni ya ukimya, na hiyo ndiyo inayopita bila kuonwa. Mzee analala mchana kutwa, anatafuna kijiko kimoja cha uji na kusahau kumeza, anatazama ukuta. Ndugu wanasema leo ametulia. Hata sisi wa hospitali tunadanganyika, na hapa tamaduni zetu zinachangia. Muuguzi anafika kitandani, "Shikamoo bibi," na bibi anajibu "Marahaba." Muuguzi anaandika kwenye faili: anajitambua, anajibu vizuri. Lakini marahaba imo mdomoni mwa mtu tangu utotoni, na hutoka yenyewe hata akili ikiwa haipo. Mwongezee swali: "Nani amekuleta hapa? Umekula nini asubuhi?" Hapo ndipo utakapoona anapapasa maneno, au anaanza kujibu kisha anasinzia katikati ya sentensi.

Kipimo cha akili kukaza hakihitaji mashine. Hospitali nyingi duniani hutumia 4AT, kilichotungwa Edinburgh, ambacho huchukua kama dakika mbili: unaangalia kama mgonjwa yu macho, unamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, unamtaka ataje miezi kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba, halafu unauliza kama kuna badiliko la ghafla. Alama 4 au zaidi zinaashiria deliriamu. Kwa wazee wetu kina kasoro. Bibi ambaye hakusoma, na anayejua tu kwamba alizaliwa wakati wa vita vya Hitler, atakosa tarehe na miezi akiwa mzima kabisa wa akili. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea walipimwa na karibu asilimia 6 kukutwa na dimenshia, walilijua tatizo hilo. Wakatengeneza kipimo cha kusahau kinachoitwa IDEA kisichohitaji kalamu wala karatasi: mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano. Hicho ni cha dimenshia. Kwa kuweweseka, nyumbani, sisi hushauri siku za juma kwa kurudi nyuma: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Kiswahili kimeficha hesabu ndani ya majina hayo, tano, nne, tatu, pili, mosi, kwa hiyo mtu mzima wa akili hujivuta nayo hata kama hakwenda shule. Mwenye kuweweseka huanza vizuri, hufika Jumatano, kisha hurudi Alhamisi au hukaa kimya. Linganisha na alivyokuwa wiki iliyopita, maana kinachotafutwa ni badiliko.

Ukishashuku, fanya haya ukiwa unatafuta usafiri. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, kifua kikiwa wazi, bila kumwambia unahesabu. 22 au zaidi ni hatari. Pima joto, na usitulizwe na kipimajoto cha kwapani, kwa sababu husoma chini ya kile cha mdomoni. Kwa mzee, nyuzi 37.8 mdomoni ni homa ya kweli, na hata 37.2 ikijirudia ina maana. Uliza mara ya mwisho alikojoa lini na kupata choo lini. Bonyeza taratibu juu ya kinena: kibofu kilichojaa huhisika kama mpira na mzee hukunja uso. Wanaume wenye tezi dume iliyovimba huweweseka kwa hilo tu, na mkojo ukitolewa kwa mpira huanza kurudi katika akili zao.

Kama anatumia dawa za kisukari, pima sukari kabla ya yote. Chini ya 3.9 mmol/L ni sukari iliyoshuka. Akiwa anameza vizuri mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, upime tena baada ya dakika 15. Akiwa amesinzia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Na hapa kuna kosa linaloua: mzee ameamka, amekunywa chai, familia imefurahi na safari ya hospitali imeahirishwa. Kama kidonge chake ni glibenklamaidi, nguvu yake hudumu hadi saa 24, zaidi kama figo zimechoka, na sukari itashuka tena saa nane za usiku watu wote wakiwa wamelala. Apelekwe hata akiamka.

Chukua dawa zake zote, na zile za dukani, uzitie kwenye mfuko mmoja uende nazo. Mara nyingi jibu limo humo. Klofeniramini ya mafua, inayojulikana zaidi kama Piriton, prometazini ya kuwasha na kutapika, na amitriptilini ya ganzi za miguu, zote huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo hutumia kukaza akili. Mzee ana kidogo ya kemikali hiyo tangu mwanzo. Vidonge vitatu vya mafua kwa siku, ambavyo kijana hata havimlazi, vinaweza kumtoa mzee kwenye mstari kabisa. Tunawasihi wauza dawa: mteja akisema dawa ni ya mzee, dawa hizo zisitoke bila swali.

Diazepamu nayo huongeza kuweweseka na kuangusha watu. Isipokuwa mahali pamoja, na huku Kilimanjaro tunapaona: mzee aliyezoea mbege au pombe kali kila siku, akaugua, akakosa kunywa, na siku ya pili hadi ya nne akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona vitu visivyokuwepo. Hapo diazepamu, ikisimamiwa hospitalini pamoja na vitamini B1, ndiyo tiba. Familia ziache aibu zimwambie daktari juu ya pombe.

Akifika hospitalini kuna mitego mingine. Kipimo cha haraka cha malaria kikiwa chanya, wengi huishia hapo. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mzee aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuwa chanya leo huku kinachomuua ni nimonia. Kipimo cha taifodi cha Widal kinadanganya zaidi. Na lile jina ambalo limekuwa kapu la kila kitu, UTI sugu: wanawake wengi wazee wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Kijiti cha mkojo kikibadilika rangi hakithibitishi kwamba ndio uliomchanganya. Bila maumivu ya kukojoa, bila homa, bila maumivu ya kiuno, endelea kutafuta. Sikiliza kifua mgongoni, tazama makalio na visigino kwa vidonda, uliza kama alianguka wiki tatu au nne zilizopita, maana damu huweza kujikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Pima na virusi vya UKIMWI. Umri wa miaka 75 haumwondoi mtu kwenye orodha hiyo, na mikroglia ni miongoni mwa seli ambazo virusi hivyo hujificha ndani yake.

Kumfunga mzee kamba kitandani kunazidisha hali. Kinachosaidia ni kidogo na hakiuzwi duka la dawa. Mwaka 1999 watafiti wa Yale huko Marekani walichapisha majaribio kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa huduma ya kawaida. Nusu walikumbushwa kila siku walipo na nani yuko nao, walitembezwa, walinyweshwa maji, walivishwa miwani na vifaa vya kusikilia, na usiku badala ya kidonge cha usingizi walipewa kinywaji cha moto, wakakandwa mgongo na kelele zikapunguzwa. Walioweweseka kundi la kwanza walikuwa asilimia 15, la pili asilimia 9.9. Kwa sababu hiyo tunaumia kila tunapoona ndugu anatolewa wodini kengele ya saa ya kutazama wagonjwa inapolia, na bibi anabaki peke yake na taa inayowaka usiku kucha, miwani yake ikiwa nyumbani kabatini.

Jambo hili haliishii siku ya kuruhusiwa. Huko Vantaa, Finland, wazee wa miaka 85 na kuendelea walifuatiliwa kwa miaka, na waliopata kuweweseka walipata dimenshia baadaye kwa wingi kuliko wenzao. Moto ulioshuka ubongoni unaacha majivu.

Upo pia ushahidi wa upande mwingine, kwamba kuilinda kinga kunaweza kuulinda ubongo, na huu umetutia moyo kuliko habari nyingine yoyote ya miaka ya karibuni. Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini. Hulala kwenye mizizi ya neva maisha yote, na seli T zikichoka uzeeni huamka na kuwa mkanda wa jeshi. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi tarehe 1 Septemba 2013, iliamua kwamba aliyezaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 hatapewa kamwe, na aliyezaliwa siku hiyo au baadaye atastahili. Yaani watu waliopishana wiki moja tu ya kuzaliwa, wenye maisha yaleyale, wakatenganishwa na kalenda: upande mmoja waliochanjwa ni asilimia 0.01, upande wa pili asilimia 47. Utafiti uliochapishwa Aprili 2025 ulifuatilia zaidi ya watu 280,000 kwa miaka saba, na kukuta kwamba chanjo ilipunguza dimenshia mpya kwa takriban moja ya tano, zaidi kwa wanawake. Chanjo ile ilikuwa ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na haifai kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Haimo kwenye ratiba yetu ya taifa, wala hatusemi watu wakimbilie. Tunachosema ni kwamba aliyepata mkanda wa jeshi uzeeni asinyooshewe kidole tu. Apimwe, atibiwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze, na atazamwe kwa upole.

Tunajua pia kwamba bibi anayezungumza usiku na watu wasioonekana, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, yuko hatarini kwa majirani zake kabla hata ya ugonjwa wake. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa neno uchawi. Dua isomwe na maombi yafanyike, lakini yafanyike njiani kwenda hospitali.

Maombi yetu ni matatu na hayahitaji bajeti kubwa. Kwenye dirisha la wazee la kila hospitali liongezwe swali moja kwa aliyemleta: je, akili yake imebadilika siku hizi chache? Jibu likiwa ndiyo, mzee asipange foleni. La pili, mgonjwa wa miaka 70 na zaidi aruhusiwe ndugu mmoja kitandani usiku na mchana. La tatu ni kwako, Mhariri. Gazeti likiandika habari za mzee aliyepotea au aliyechanganyikiwa, mwandishi aulize na aandike ilianza lini, na alikuwa anameza dawa gani.

Wenu,
Matabibu na wauguzi wa wazee,
Moshi